Namna ya Kulifasiri Neno "Several" Katika Hati za Mikopo na Dhamana

Anayefasiri mikataba ya mikopo kutoka Kiingereza hukutana mara kwa mara na neno "several", na kwa kuwa shuleni tulifundishwa kwamba maana yake ni "kadhaa", huliandika hivyo bila kusita. Katika sheria tafsiri hiyo ni kosa kubwa, maana mdhamini anaweza kutia saini asichokielewa. Utaratibu ninaoufuata ni huu.

Hatua ya kwanza: rudi kwenye asili. Mzizi wa neno hili ni kitenzi cha Kilatini "separare", yaani kutenga. Lilifika katika Kiingereza kwa njia ya Kifaransa kilichotumiwa na wanasheria wa Uingereza, na katika Kifaransa ndimo sauti ya "p" iligeuka kuwa "v". Katika karne ya 15 lilimaanisha kilicho peke yake, kisichochanganywa na kingine; maana ya "kadhaa" ilijitokeza karne iliyofuata.

Hatua ya pili: lizoee katika maandishi ya zamani. Katika tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliifasiri kwa Kiswahili, Antony anautangazia umma kwamba Julius Caesar ameacha drakma 75 kwa "every several man", yaani kwa kila raia wa Roma, mmoja mmoja. Vivyo hivyo, Katiba ya Marekani ya 1787 inaposema kwamba wabunge watachaguliwa na watu wa "the several States", inakusudia kila jimbo kwa nafasi yake. Ukiandika "majimbo kadhaa", umeyanyima mengine haki ya kupiga kura.

Hatua ya tatu, ambayo ndiyo kiini cha kazi: chunguza neno hilo limeambatana na nini. Tuseme watu watatu wamedhamini mkopo wa shilingi 9,000,000 kwa mafungu sawa. Dhamana ikiwa "several" tu, kila mmoja anadaiwa 3,000,000 zake, na mwenzake akishindwa kulipa, pengo hilo halimhusu. Lakini ikiandikwa "jointly and severally", mkopeshaji anaruhusiwa kumfuata yeyote kati yao, kwa kawaida mwenye mali inayokamatika kwa urahisi, na kumdai zote 9,000,000. Huyo akishalipa, ni juu yake kuwadai wenzake mafungu yao. Kanuni hii ya sheria ya Kiingereza inatumika pia Kenya na Tanzania, kwa hiyo msomaji wako ndiye atakayebanwa nayo.

Hatua ya nne: andika kwa maneno ambayo mdhamini atayaelewa akisomewa. Mimi huandika "kwa pamoja na kila mmoja peke yake", kisha, mwenye hati akiniruhusu, huongeza sentensi isemayo kwamba mkopeshaji anaweza kumdai mdhamini mmoja deni lote. Epuka "kwa kutengana", kwa sababu huleta picha ya watu waliogombana au kuachana.

Mwisho, kagua vifungu vya nyuma ya mkataba utafute "severable", neno la ukoo huohuo. Hapo maana yake ni kwamba kifungu kimoja kikibatilishwa na mahakama, kinaweza kuondolewa na vilivyobaki vikaendelea kuwa na nguvu. "Kinachoweza kutenganishwa na vingine" inatosha.