Namna ya Kutoa Zaka Ili Imkomboe Mtu Kwenye Deni

Katika Sura At-Tawba, aya ya 60, Qur'ani inataja makundi 8 yanayostahiki zaka, na miongoni mwao wamo watumwa wanaokombolewa pamoja na watu waliolemewa na madeni. Naona hekima kubwa katika ujirani huo, kwani asiyeweza kulipa deni huishi chini ya amri ya anayemdai.

Anza na hesabu. Mali ikifikia nisabu, yaani thamani ya takriban gramu 85 za dhahabu, na ikapitiwa na mwaka mzima wa Hijria ukiwa unaimiliki, hutolewa asilimia 2.5, kwa hiyo katika akiba ya 4,000,000 zitatoka 100,000. Zitenge mara moja, kwa kuwa Sura Adh-Dhariyat, aya ya 19, inaziita haki ya mwombaji na ya aliyenyimwa.

Kazi hasa iko katika kumtafuta mdaiwa, kwa sababu mwenye kujisitiri habishi hodi. Sura Al-Baqara, aya ya 273, inawataja mafakiri ambao asiyewajua huwadhania kuwa matajiri kwa jinsi wanavyojizuia kuomba. Waulize kwa faragha imamu na majirani, kisha uhakikishe kwamba deni ni la kweli, halikutokana na maasi kama kamari, na kwamba mwenyewe hana cha kulipia.

Kama deni limeongezwa riba, zungumza na mdai kabla ya kutoa chochote. Aya ya 279 ya sura hiyo humrudishia rasilimali yake tu, asidhulumu wala asidhulumiwe, nami naona ni kosa kuacha haki ya maskini inenepeshe riba pasipo hata kujaribu kuipinga.

Mkikubaliana, mpe mdaiwa akalipe mwenyewe, au umlipe mdai kwa idhini ya mdaiwa, na usiondoke mpaka uone jina lake limepigwa mstari daftarini. Usimpige picha wala usimtangaze, kwani aya ya 264 inaonya kuwa masimbulizi na maudhi hubatilisha sadaka.

Ikiwa mdai ni wewe, aya ya 280 inakuamuru umpe aliye katika dhiki muda mpaka apate nafuu, na kumsamehe ni bora zaidi. Hata hivyo, wanazuoni wengi hawakubali msamaha huo uhesabiwe kuwa zaka. Basi samehe kwa nia ya sadaka, na zaka yako uitoe kando.