Mpaka wa Namanga ukikaza ghafla: jinsi ya kupanga mzigo wako usizame nao

Hii nawaandikia hasa nyie mnaopeleka mahindi, mchele, vitunguu, machungwa kwenda Kenya kwa Fuso moja moja, yani wale ambao mtaji wote unakuwa juu ya gari. Mwenye semi-trela kumi atayumba alafu atasimama, mimi na wewe tukiyumba mara moja tunarudi kuomba kazi ya kupakia.

Ijumaa ya tarehe 5 Machi 2021 nilikuwa na gunia mia za mahindi njiani, gari ishapita Longido, ikatoka barua Nairobi kwamba mahindi ya Tanzania na Uganda yasiingie tena kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu inayotokana na ukungu. Siku tano baadae zuio likalegezwa kwa masharti, ila masharti yenyewe yalitaka cheti ambacho mimi sikuwa nacho, gari ikaendelea kulala, dereva anakula hela ya kila siku, na mnunuzi aliyekuwa ananipigia asubuhi na jioni akaanza kunipangia bei mpya kwa simu. Nilirudisha mzigo Arusha nikauza kwa hasara. Mei mwaka huohuo Rais Samia akaenda Nairobi, mambo yakatulia kwa wakubwa, mimi bado nilikuwa nalipa deni.

Sasa kitu cha kwanza kuelewa ni kwamba kwa sheria mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hauwezi kuvunjika ghafla. Ibara ya 145 inasema nchi ikitaka kujitoa lazima bunge lake lipitishe kwa theluthi mbili alafu itoe notisi ya miezi 12. Kwahiyo usikae unasubiri siku ya kutangaziwa kwamba Jumuiya imekufa, unayemwogopa sio huyo. Kinachomuua mfanyabiashara mdogo ni barua ya ghafla, kibali kipya, foleni isiyotembea. Hata ile Jumuiya ya zamani, mpaka wetu na Kenya ulifungwa Februari 1977 na Jumuiya yenyewe ikaja kufa rasmi Julai, mpaka ukafunguliwa tena Novemba 1983. Piga hesabu hiyo, karibu miaka saba. Na mgawanyo wa mali ukaja kusainiwa 1984. Wazee waliofanya kazi reli, bandari na ndege za Jumuiya wamedai mafao yao kwa miongo, na wengine wamekufa wakidai, hili huwa linaniuma sana.

Na ujue unachokipoteza ukubwa wake. Mahindi ya Tanzania yenye cheti cha uasilia, yani karatasi ya kuthibitisha yametoka Tanzania, yanaingia Kenya bila ushuru wa forodha, ila kwa kiwango cha pamoja cha Jumuiya mahindi yanayotoka nje yanapigwa 50%, maziwa 60%, mchele 75% (ingawa Kenya yenyewe imekuwa ikitoza mchele chini ya hapo), sukari 100%. Mganda akigombana na Mkenya ndani ya Jumuiya bado wote wako COMESA, lile soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, wana mlango wa nyuma. Sisi COMESA tulitoka mwaka 2000, na Kenya haimo SADC, jumuiya ya kusini mwa Afrika ambayo sisi tumo, kwahiyo kati yetu na Kenya kinachobaki ni lile eneo huru la biashara la Afrika nzima ambalo ushuru wake unapungua taratibu kwa miaka. Mtu anayekwambia "soko la Kenya lipo tu" hajawahi kuiangalia hii.

Jifunze kusoma dalili. Kwa ninavyoona mimi ugomvi mara nyingi hauanzii kwenye bidhaa yako. Januari 2024 ilikuwa ndege, Kenya ikakatalia ndege ya mizigo ya Air Tanzania, sisi tukatangaza kuzuia ndege za abiria za Kenya Airways, wakamalizana ndani ya siku chache. Julai 2025 Tanzania ikatoa amri ya biashara 15 ambazo asiye raia haruhusiwi kufanya, Kenya wakalalamika. Mambo kama hayo yakianza, hata kama we unauza vitunguu tu, punguza mzigo wiki hiyo, usijaze gari. Dalili nyingine ni msimu: Kitale na Eldoret wakianza kuvuna kuanzia Oktoba, wakulima wao wanataka bei, na wanasiasa wao wanasikia kilio cha wakulima kabla ya chako. Juni nayo ni bajeti, kodi mpya zinaanza kuuma Julai mosi. Mi Juni mwishoni sipakii mpaka nijue imesomwa nini kuhusu zao langu.

Makaratasi. Mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 na bidhaa iko kwenye orodha, unapata cheti cha uasilia kilichorahisishwa palepale mpakani kwa forodha, huhitaji kumlipa wakala. Ukizidi hapo ni cheti cha kawaida, kitafute kabla gari haijapakiwa. Na hivi vyeti vyote havikuondolei cheti cha afya ya mimea wala kibali cha kutoa mazao nje, wengi wanakwama hapa, wanafika Namanga na karatasi moja wanadhani wamemaliza.

Kwa mahindi pigania sumukuvu kuliko kitu chochote, maana ndo sababu ambayo hakuna anayeweza kubishana nayo. Kiwango cha Afrika Mashariki ni sehemu 10 kwa bilioni, na ile aina ya B1 isizidi 5, unyevu usizidi 13.5%. Kwahiyo ukienda kununua usinunue kwa macho, piga bambo, kile chuma cha kuchomoa sampuli, gunia nyingi, za chini na za katikati pia, changanya, peleka sampuli maabara, ndo ulipe. Kama mkulima kaanika chini kwenye udongo achana nae hata akupunguzie. Nunua kwa walioanika kwenye turubai. Gharama ya kupima ni ndogo ukilinganisha na gari kulala siku tatu.

Hela sasa. Mali kauli ya kuvuka mpaka, yani kupeleka mzigo alafu ulipwe baadae, mimi nimeacha. Nusu iingie kabla gari haijatoka Arusha, na muandikiane, hata meseji inatosha kuanzia, kwamba mpaka ukizuiwa nani analipa siku za gari kulala na bei inabaki ileile au vipi, maana mnunuzi wangu wa 2021 alitumia ukimya wetu kwenye hilo kunikamua. Gunia mia zigawe safari mbili, najua nauli inaongezeka, lipa tu hiyo nauli. Na kabla hujapakia uwe na namba ya mtu wa pili hapa ndani, mwenye mashine ya kusaga Arusha au dalali wa soko la Kibaigwa au Tandale, umeshaongea nae bei ya siku ya shida. Ukimpigia gari ikiwa imekwama anasikia sauti yako inavyotetemeka na bei inashuka hapohapo.

Kuhusu wale Wakenya mliozoea kununua nao shambani: kununua mazao shambani ni moja ya zile biashara 15. Akikuomba mfanye kwa jina lako ili yeye aendelee kununua, kataa hata kama ni rafiki, maana raia anayemsaidia nae ana adhabu yake, faini ya milioni 5 au jela miezi mitatu. Muuzie mzigo ukiwa sokoni au stoo, kwa risiti.

Ikitokea umekwama, weka ukomo wa siku kabla hujaanza kupigiwa stori za "kesho inafunguliwa". Nyanya mi nampa dereva siku moja, vitunguu siku nne na turubai lifunguliwe vipate hewa usiku na mchana, mahindi makavu wiki. Ikifika ukomo, geuza gari. Wakati huohuo dai sababu kwa maandishi, piga picha karatasi zenye mhuri na tarehe, na uripoti kama kikwazo kisicho cha kiforodha, kuna mfumo wa mtandaoni wa hilo. Tunza kila kitu, maana mtu wa kawaida mkazi wa nchi mwanachama anaruhusiwa kufungua shauri Mahakama ya Afrika Mashariki, ipo hapahapa Arusha, ila muda ni miezi miwili tu tangu kitendo kitokee au ulipokijua. Mi nilikuja kulijua hilo Agosti.