Kuomba vibali vya kutembea milima ya Annapurna, Nepal, ukitokea Tanga na uko peke yako

Watu wakisikia Nepal wanaogopa vibali vya kule mlimani, kumbe vile ukishafika ni kazi ya asubuhi moja, shughuli yenyewe iko hapahapa Tanga kwenye pasipoti. Kwahiyo huku nyumbani ndo ntakaa sana.

Kwanza ujue unachoombea. Annapurna unatembea kijiji mpaka kijiji, jioni unalala gesti, unakula hapohapo, hamna mahema wala mpishi wa kukufuata kama njia nyingi za Kilimanjaro. Ndo maana mtu mmoja anaimudu. Njia fupi inayopendwa inapita Ghorepani na kupanda Poon Hill, mita 3,210, ndefu kidogo inafika kambi ya chini ya Annapurna, mita 4,130, na ile ya kuzunguka mlima wote inavuka upenyo wa mlimani wa Thorong La, mita 5,416. Chagua mapema, maana utaulizwa.

Haya, pasipoti. Maombi yanaanzia kwenye tovuti ya Uhamiaji, unajaza, unapewa kontrol namba, unalipia fomu sh 20,000 kwa simu, alafu unaprinti unapeleka ofisi ya Uhamiaji ya mkoa pamoja na viambatanisho, na huko ndo wanakuchukua alama za vidole. Iliyobaki ni sh 130,000, jumla laki na nusu, na kitabu kinakaa miaka 10. Picha iwe na bluu ya kupauka nyuma, sio nyeupe, mwambie wa steshenari kabla hajapiga.

Viambatanisho: kitambulisho cha NIDA au namba yake, cheti chako cha kuzaliwa, na cheti cha kuzaliwa cha mzazi. Hapo kwenye mzazi ndo wengi wanakwama. Mzee kazaliwa Mkinga au Pangani ndani huko enzi hizo, cheti atakitoa wapi, hata tarehe yenyewe anakwambia "mwaka ule wa mvua kubwa". Usihangaike, kiapo cha kuzaliwa kinakubalika, unaenda na mzee kwa wakili anaapa, inagongwa muhuri, basi. Ila kabla hujazipeleka Uhamiaji, tandaza karatasi zote mezani usome majina herufi kwa herufi. NIDA imeandikwa Mohamedi, cheti kinasema Mohamed, kiapo kimeandikwa Muhammad, hao kwa Uhamiaji ni watu watatu. Kama yanapishana rekebisha kwanza, ukihitaji hati ya kiapo ya majina wakili huyohuyo anakutengenezea, na ukienda ofisini beba orijino pamoja na kopi maana wanalinganisha.

Kitu kingine wanataka ushahidi wa safari. Sasa hapa ndo unganisha mambo mawili: tafuta wakala wa Nepal aliyesajiliwa, kubaliana nae njia na tarehe, mwambie akutumie barua yenye jina lako kama lilivyo kwenye NIDA. Barua hiyo unaiambatanisha, na wakala utamhitaji tu mbele, sababu toka tarehe 1 Aprili 2023 Bodi ya Utalii ya Nepal imetaka mgeni anaetembea milimani awe na muongozaji mwenye leseni. Ukisema uko peke yako maana yake huna kundi, lakini muongozaji yupo. Binafsi sioni ubaya, usiku kichwa kikianza kuuma huko juu ni bora kuwe na mtu anaejua njia ya kushuka.

Viza ni rahisi kuliko vyote. Pasipoti iwe imebakiza angalau miezi sita, fomu ya Nepal unajaza mtandaoni siku chache kabla, ndani ya siku 15 kabla hujafika, unaprinti ile risiti, alafu unalipia uwanja wa ndege Kathmandu: siku 15 dola 30, siku 30 dola 50, siku 90 dola 125. Chukua ya siku 30 hata kama matembezi ni wiki moja, ndege kwenda Pokhara, mji ulio karibu na Annapurna, zinaahirishwa sana na hali ya hewa. Dola ziwe safi, zisiwe zimekunjwakunjwa. Ndege ya moja kwa moja hamna, unaenda Dar, unapita Doha au Dubai.

Ukifika ndo vibali vyenyewe. Kimoja ni cha eneo la hifadhi ya Annapurna, wenyewe wanaita ACAP, rupia 3,000, unapata ofisi ya Bodi ya Utalii Kathmandu au Pokhara ukiwa na kopi ya pasipoti na picha za pasipoti (piga nyingi hukuhuku Ngamiani, picha hazizidi). Cha pili ni kadi ya TIMS, ya kuandikisha watembeaji, hii inapita kwa wakala, rupia 2,000. Usiende bila ACAP ukitegemea kununua getini, pale unatozwa mara mbili. Karatasi zote weka kwenye mfuko wa nailoni kwenye begi dogo unalolibeba mwenyewe, vituo vya ukaguzi wanaziangalia na kuziandika.

Bima sio kibali ila ichukulie kama kibali: soma kama inafika urefu wa njia uliyochagua na kama inalipia helikopta, nyingi za bei rahisi zinaishia chini ya hapo. Na ukipita mita 3,000 usiku usilale zaidi ya mita 500 juu ya pale ulipolala jana, kila siku ya tatu au ya nne pumzika, sisi tumezoea usawa wa bahari, hata Lushoto tunavaa sweta. Gesti chumba ni bei ndogo kwasababu wanategemea ule kwao, kwahiyo usilale kwa huyu ukala kwa jirani. Omba wali na dengu zao, wanakuongezea bila kulipa tena.

Siku zikikuishia kabla hujashuka, uhamiaji wa Pokhara wanaongeza viza, kiwango cha chini ni siku 15 kwa dola 45, nenda kabla ya tarehe haijapita.