Kukarabati klachi ya haidroli ya pikipiki ukiwa nyumbani

Klachi ya haidroli ikianza kusumbua, wengi hukimbilia kununua sahani mpya za klachi, ilhali mara nyingi sahani hazina kosa. Tatizo huwa kwenye mipira inayozuia mafuta kuvuja katika silinda mbili, ya juu kwenye leva na ya chini kwenye injini, au kwenye tundu moja dogo ambalo nitalieleza kwa kirefu kwa sababu ndilo linalowashinda watu. Ukiwa na meza safi, mwanga wa kutosha na muda usiokubana, kazi hii unaiweza mwenyewe.

Hatua ya 1: Jua kinachoumwa

Leva ikifika hadi kwenye mshikio bila uzito, gia zikiingia kwa shida, au mafuta yakipungua kwenye kopo la juu, lile la kwenye usukani, kuna hewa au uvujaji. Chungulia silinda ya chini, ile iliyofungwa kwenye injini. Ukiona unyevu, chukua tone lake ulitie kwenye maji. Mafuta ya breki, ambayo ndiyo yanayotumika kwenye klachi nyingi za haidroli, yatachanganyika na maji. Oili ya injini itaelea. Ikiwa ni oili ya injini, sili ya ufito wa klachi (kifimbo kinachosukumwa na silinda ya chini) ndiyo iliyokufa, na kufungua silinda hakutakusaidia.

Klachi inayoteleza injini ikipata moto ina kipimo chake. Vaa miwani, legeza kidogo niplo ya kutolea hewa bila kugusa leva. Mafuta yakiruka kwa nguvu na klachi ikashika tena, presha ilikuwa imenaswa ndani. Sahani zako ziache kwanza.

Hatua ya 2: Vifaa

Nunua mipira ya silinda zote mbili kwa pamoja, maana zimezeeka pamoja. Tafuta pia washa mpya za shaba au aluminiamu, plaizi ya saklipu (pete ya chuma inayozuia pistoni isitoke), spana, bomba kubwa la sindano, mpira mwembamba unaoonyesha ndani, na chupa ya mafuta ambayo haijafunguliwa. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani, kwa hiyo chupa iliyokaa wazi miezi kadhaa haifai.

Soma kifuniko cha kopo kabla ya kununua chochote. Pikipiki nyingi hutaka DOT 4, aina ya mafuta ya breki, lakini zipo zinazotumia mafuta ya madini. Ukikosea hapa umeharibu kila kitu, kwa sababu mpira uliotengenezwa kwa DOT huvimba ukikutana na mafuta ya madini. Petroli na dizeli huuvimbisha vilevile, kwa hiyo usizitumie kuosha. Spiriti safi au mafuta mapya ya breki yanatosha.

Funika tangi kwa kitambaa kinene. DOT 4 hula rangi, na likimwagika osha kwa maji mengi papo hapo.

Hatua ya 3: Silinda ya chini

Osha eneo lote kwanza. Mnyororo hulijaza uchafu. Kabla ya kufungua silinda kwenye injini, legeza kidogo boliti ya banjo (yenye tundu ndani, inayounganisha paipu na silinda) kisha ikaze tena taratibu, kwa sababu silinda ikining'inia utapata shida kuifungua. Sasa toa silinda, izungushie kitambaa, na uvute leva polepole hadi pistoni itoke yenyewe. Kama leva haina nguvu tena, ondoa paipu na utumie pampu ya baiskeli, vidole vikiwa mbali.

Toa mpira wa zamani kwa kijiti cha mbao. Kagua ukuta wa silinda kwa tochi. Madoa ya juu juu yanafutika kwa kitambaa chenye mafuta. Mashimo yanayokwaruza ukucha mahali mpira unapopita hayatibiki, nunua silinda. Watu wengi hukimbilia msasa hapa. Silinda nyingi za aluminiamu zina ngozi ngumu ya kinga, na ukiikwangua, mpira mpya hautadumu.

Paka mpira mpya mafuta mapya, uuvishe mdomo wake ukitazama upande wa mafuta, kisha sukuma pistoni kwa vidole bila kuipinda.

Hatua ya 4: Silinda ya juu

Nyonya mafuta yote kwenye kopo, toa leva, paipu na swichi ya klachi. Vua mpira wa vumbi, bonyeza pistoni kidogo na utoe saklipu. Pistoni, mipira na springi vitatoka kwa mfuatano: piga picha kabla hujavitenganisha.

Sasa lile tundu. Sakafuni mwa kopo kuna matundu mawili. Moja ni kubwa, linaonekana. Jingine ni dogo kama ncha ya sindano, na katika silinda nyingine limefichwa chini ya kibati. Leva ikiachiwa, mafuta yaliyotanuka kwa joto hurudi kwenye kopo kupitia tundu hilo. Likiziba, mafuta yanabaki yamesukuma klachi, sahani zinaachana kidogo, na klachi inateleza kana kwamba imekwisha. Lizibue kwa unyuzi mmoja wa waya laini wa shaba, pulizia spiriti, halafu hakikisha unaona mwanga ukipita. Usitoboe kwa kekee: tundu likipanuka au likibaki na kingo kali, litakata mpira kila unapovuta leva.

Rudisha vitu kwa mfuatano wa picha, midomo ya mipira ikitazama upande wa springi. Saklipu lazima ikae kwenye mfereji wake mzunguko mzima. Izungushe kidogo uone. Kagua na bushi ya leva, yaani kipande ambacho ufito wa pistoni hukaa ndani yake au leva huzungukia. Ikiwa imelika na kuwa yai, unapoteza mwendo ambao hakuna mpira mpya utakaourudisha. Ukishafunga, acha uchezo mdogo kwenye leva. Bila uchezo, pistoni hairudi mwisho na tundu lile linabaki limezibwa, hata kama umelisafisha.

Hatua ya 5: Kutoa hewa

Hapa ndipo watu hukata tamaa, kwa sababu silinda hizi husukuma mafuta machache na hewa haipendi kushuka. Basi ipeleke inakotaka kwenda, yaani juu. Jaza bomba la sindano, ondoa hewa kwenye mpira wake, uunganishe kwenye niplo ya chini, fungua niplo nusu mzunguko na usukume polepole. Mapovu yatatokea kwenye kopo. Mwambie mtu alichunge lisifurike, au simama na unyonye mafuta ya juu mara kwa mara.

Funga niplo. Geuza usukani mpaka kopo liwe juu kidogo ya mahali paipu inapoungana na silinda, kisha vuta leva kwa milimita chache tu, mara nyingi, ukigonga paipu kwa kidole. Vipovu vidogo vitatoka kwenye lile tundu, na utahisi leva ikikaza. Ikibaki laini, ifunge kwa kamba ikiwa imevutwa, iache usiku kucha, na asubuhi uiachie kopo likiwa wazi.

Kaza boliti ya banjo kwa torki ya kitabu cha pikipiki yako. Niplo ni nyembamba na hukatika kirahisi. Ikaze kiasi cha kuziba tu.

Hatua ya 6: Majaribio

Injini ikiwa imezimwa na gurudumu la nyuma likiwa juu, weka gia ya kwanza, vuta leva na uzungushe gurudumu kwa mkono. Lizunguke, hata kama ni kwa uzito kidogo. Shikilia leva dakika nzima, isizame. Pitisha karatasi kavu kwenye kila kiungo, uendeshe taratibu karibu na nyumbani, urudi upitishe karatasi tena.

Usijaze kopo hadi ukingoni. Kwenye breki mafuta hushuka kadiri pedi zinavyolika, lakini kwenye klachi hupanda, kwa sababu sahani zikipungua unene pistoni ya chini hurudishwa ndani na mafuta kusukumwa juu. Ukiona yanashuka, tafuta panapovuja. Badilisha mafuta kila baada ya miaka 2, au mapema zaidi yakigeuka rangi ya chai.