Katani kwenye plastiki: usiisage ikawa unga
Ndugu zangu wa karakana za Vingunguti na kwingineko Dar mnaochanganya plastiki na katani: bidhaa ikitoka dhaifu, kabla hujalaumu malighafi, angalia mashine yako. Nguvu ya mchanganyiko huu imo kwenye urefu wa nyuzi. Parafujo ya mashine, ile inayosukuma na kuchanganya plastiki, ikizunguka kasi mno, au ukitia katani wakati plastiki bado ngumu, nyuzi zinakatikakatika na kubaki kama pumba; zinajaza tu, hazibebi mzigo. Acha plastiki iyeyuke kwanza, ndipo utie nyuzi, taratibu.

Polipropilini, aina ya plastiki inayochanganywa na katani, huyeyuka kwenye nyuzijoto 165 hivi. Ukifika 200 katani inaanza kubabuka, na harufu utaisikia. Ikaushe pia siku hiyo hiyo ya kazi, maana kwa unyevu wa pwani yetu hata ikiwa ndani ya gunia inanyonya maji.

Kisha vunja kipande kimoja utazame pale kilipovunjika. Vitundu vya mapovu ni maji. Weusi ni joto. Nyuzi zikichomoka safi na kuacha mashimo, plastiki haikuzishika. Hapo ongeza polipropilini iliyotiwa maleiki anhidridi, kemikali inayosaidia plastiki kushikana na nyuzi, asilimia chache tu.