Hakathoni ya data huria Kigoma: jedwali kwanza, aplikesheni baadaye

Hakathoni, yale makutano ya siku chache ya waandishi wa habari na wataalamu wa programu ya kutengeneza kitu kwa data iliyo wazi kwa umma, huharibika kabla hazijaanza. Watu wanafika, wanajitambulisha, kisha nusu siku inaishia kusaka faili mtandaoni. Mwongozo huu ni wa siku mbili, Kigoma Mjini, watu 20. Lengo ni moja: Jumapili jioni pawe na jedwali moja safi na habari inayosimama juu yake. Aplikesheni ya simu isiguswe mpaka jedwali likamilike. Wataalamu wa programu watanuna kidogo, waache wanune.

Hatua ya 1: swali na barua, wiki sita kabla

"Elimu Kigoma" ni mada, haijibiki. Swali liwe la sentensi moja na jibu lake liwe namba: katika kila halmashauri, mwalimu mmoja wa shule ya msingi ana wanafunzi wangapi? Hapo unajua unahitaji orodha ya shule, idadi ya wanafunzi na idadi ya walimu. Anza na tovuti za TAMISEMI (ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa) na Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Kisichopatikana huko, kiombe kwa barua. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inaipa ofisi hadi siku 30 kujibu, ndiyo maana barua inatangulia ukumbi. Mwombaji awe raia wa Tanzania. Andika wazi kwamba unataka faili la Excel, la sivyo utaletewa karatasi iliyoskaniwa, yenye mhuri mzuri na isiyofaa kwa hesabu.

Hatua ya 2: vifaa, siku tatu kabla

Pakua kila kitu mapema na ukigawe kwa flashi, moja kwa kila kundi. Programu mbili zinatosha kuanzia: Tabula ya kutoa majedwali kwenye PDF, na OpenRefine ya kusafisha. Zote zinafunguka kwenye kivinjari lakini zinafanya kazi ndani ya laptopu yako bila intaneti, hivyo bando likiisha kazi haisimami. Zinahitaji Java, programu ya kuziendesha, ijaribu kwenye kila mashine kabla ya siku ya tukio. Umeme nao upangie: eksitensheni moja kwa kila meza, na laptopu zote zichajiwe usiku.

Faili likija na majina au simu za walimu, futa safu hizo kabla ya kunakili. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na swali lako halizihitaji.

Hatua ya 3: makundi

Makundi manne ya watu watano: waandishi wawili, wataalamu wa programu wawili, na mmoja anayeijua sekta kutoka ndani, kama mwalimu mkuu mstaafu. Huyu wa tano ndiye atakayesema "namba hii haiwezekani" kabla hamjaaibika. Mwandishi na mtaalamu wakae laptopu moja. Ukiwatenganisha meza, mmoja atasafisha data asiyoielewa na mwingine ataandika habari isiyo na data.

Hatua ya 4: kutoa jedwali kwenye PDF

Fanyeni mazoezi kwa bei kikomo za mafuta ambazo EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutoa kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Kwenye Tabula, jedwali lenye mistari chagua Lattice, lisilo na mistari chagua Stream. PDF ya picha haisomeki hapo. Itabidi ipite kwanza kwenye programu ya kutambua maandishi kama Tesseract, kisha mtu aipitie kwa macho, maana 3 hugeuka 8 bila kelele.

Hatua ya 5: majina

Hapa ndipo saa zinapokwenda. Mkoa una wilaya 6 lakini halmashauri 8: Kigoma/Ujiji, Kigoma, Kasulu Mji, Kasulu, Kibondo, Kakonko, Buhigwe na Uvinza. Faili moja linaandika "Kigoma/Ujiji", jingine "Kigoma MC", la tatu "Kigoma Mjini". Kwa kompyuta hizo ni sehemu tatu. (MC ni halmashauri ya manispaa, TC ya mji, DC ya wilaya.)

Kwenye OpenRefine, fungua Text facet (orodha ya kila jina lilivyoandikwa) ya safu ya halmashauri, kisha Cluster, inayokusanya majina yanayofanana. Njia ya fingerprint ni salama: inaunganisha "KASULU DC" na "Kasulu dc " yenye nafasi ya ziada mwishoni. Ile ya nearest neighbor ichungeni. "Kasulu TC" na "Kasulu DC" zinatofautiana herufi moja tu, hivyo itapendekeza ziwe kitu kimoja, na ukibofya kwa pupa mji na vijiji vimechanganyika. Wala hakuna njia itakayojua kwamba Kigoma MC ndiyo Kigoma/Ujiji. Tengeneza jedwali dogo la safu mbili, jina lilivyoandikwa na jina rasmi, alijaze mwandishi anayeujua mkoa.

Shule ziunganishwe kwa namba ya usajili, si kwa jina. Uhuru na Azimio zimejaa nchi nzima. Safu ya namba hiyo ifunguliwe kama maandishi, maana Excel hula sifuri za mwanzo.

Ukitaka kurudi nyuma hadi sensa ya 2002, kumbuka Uvinza, Buhigwe na Kakonko ni wilaya za 2012. Jumlisha za sasa zirudi kwenye mipaka ya zamani, usikadirie kinyume chake.

Hatua ya 6: hesabu

Usitafute wastani wa wastani. Shule yenye wanafunzi 900 na walimu 10 ina 90 kwa mwalimu. Yenye 100 na walimu 5 ina 20. Wastani wa hizo mbili ni 55, lakini hali halisi ni 1,000 gawa kwa 15, karibu 67. Jumlisha kwanza, gawa baadaye. Na kisanduku kitupu si sifuri: shule "isiyo na mwalimu" huenda haikuleta fomu tu.

Hatua ya 7: uhakiki

Mwandishi achague mistari 10 ya jedwali bila mpangilio ailinganishe na waraka wa asili. Mmoja ukikosea, rudini hatua ya 4. Halmashauri itakayotajwa ipewe namba zake na muda wa kujibu kabla habari haijatoka. Hifadhini faili la asili bila kuligusa, faili safi, na maelezo ya kila kilichobadilishwa. OpenRefine hutunza hatua zote chini ya Undo/Redo, bofya Extract uzihifadhi pamoja na faili hizo.