Kumchagua mwenyekiti wa steji ya bodaboda bila kuigawa

Kupanga mstari nyuma ya mgombea, kama ilivyofanyika Uganda kwenye uchaguzi wa LC1 (baraza la kijiji) mwaka 2018, ni haraka na hakuli karatasi. Ila kila mtu anaona nani kasimama wapi, na kinyongo hubaki stejini. Tena wagombea wakiwa watatu, anaweza kupita asiyetakiwa na wengi.

Tumieni kura ya kupanga wagombea kwa namba. Kila mwanachama apewe karatasi moja yenye muhuri, aandike kwa siri 1, 2, 3 kando ya majina, 1 ikiwa ya anayempenda zaidi. Tuseme zimepigwa kura 60: namba 1 za A ni 25, B 20, C 15. Mshindi anahitaji zaidi ya nusu, yaani 31, na hakuna aliyezifikisha; kwa hiyo C mwenye chache zaidi anatoka, na karatasi zake 15 zinahamia kwa walioandikwa namba 2. Zikienda 12 kwa B na 3 kwa A, B anashinda 32 kwa 28.

Wapo watakaoandika 1 tu. Mtu wao akitoka, karatasi hizo zinawekwa kando na zaidi ya nusu inahesabiwa kwa zilizobaki. Kanuni ya sare iandikwe kabla ya kupiga kura. Ikitungwa baada ya hesabu, hakuna atakayeikubali.